Ukuta Uliovaa Blanketi

Fundi Sentimita alistaafu akiwa na magunia matatu ya vipande vya vitambaa, mgongo uliopinda kidogo kuelekea upande wa cherehani, na mke aliyestaafu mwaka huohuo lakini ambaye, kwa mwenendo wake, ni kama hakuna mtu aliyempa habari hiyo. Mke huyo alikuwa muuguzi mkuu wa Wodi Namba Nne kwa miaka thelathini na minne. Mtaa mzima ulimwita Matroni, na mumewe naye hakuona sababu ya kujitenga na mtaa. Saa kumi na mbili kamili asubuhi kitanda kilitandikwa, kona za shuka zikakunjwa kwa mshazari, na yeyote aliyekuwa bado amelala alihesabiwa kuwa mgonjwa.

Fundi alipata jina lake kwenye karakana ya sare, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime. Bintiye alipoolewa aliipima keki kabla haijakatwa, ili meza za nyuma zisidhulumiwe. Karakanani alishona sare za walinzi, za wanafunzi, za wahudumu wa benki, za wapishi wa mahoteli, na za bendi moja ya tarumbeta iliyosambaratika kabla haijaja kuchukua suruali. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kushona kitu kisicho na pacha wake mia mbili. Ndipo alipostaafu akaingiwa na tamaa moja tu, ya kizee na isiyo na madhara: ashone mfarishi wa viraka, mkubwa wa kufunika kitanda, usiofanana na kitu kingine chochote duniani.

Miaka minne ikapita na mfarishi haujashonwa.

Mtu asiyejua kazi hii anadhani shida iko kwenye sindano. Haiko huko. Shida ni kupanga. Unaweka vipande mia mbili na arobaini mahali pamoja, unarudi nyuma hatua kadhaa, unatazama, unahamisha kimoja, unarudi tena nyuma. Inahitaji nafasi na inahitaji siku. Fundi alipopanga kitandani, ilibidi akusanye vyote jioni ili watu walale. Alipopanga sakafuni, Matroni alikuja na ndoo na dawa yenye harufu ya chumba cha upasuaji, akapiga deki kuzunguka viraka, kisha katikati yao, kisha juu yao. Mara moja Fundi alipata akili akaandika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande, cha kwanza mpaka cha mwisho, ili hata vikikusanywa visipoteze mpango. Matroni aliviona vichafu. Akavifua.

"Vilikuwa na chaki," akamweleza mumewe, akitegemea kushukuriwa.

Dawa ya tatizo ilitoka darini. Mafundi waliotengeneza paa la jiko waliacha siling bodi mbili nzima, na Fundi akaziunganisha kwa fito za mbao, akapata ubao mpana kuliko kitanda. Wazo lilikuwa rahisi: ubao uvikwe kitambaa chenye manyoya, usimamishwe wima sebuleni, na viraka vya pamba vibandikwe juu yake kwa mkono mtupu. Manyoya yangevishika bila pini. Usiku na mchana vingekaa hapohapo, na Matroni angeweza kupiga deki mpaka atosheke.

Alijaribu shuka, viraka vikateleza chini kama watoto kwenye mkono wa ngazi. Alijaribu taulo, likafunika robo ya ubao. Kilichohitajika ni blanketi, na ndani ya nyumba hiyo mablanketi yalikuwa mawili. La kwanza walikuwa wanajifunika. La pili halikuwa la kujifunika.

Hilo la pili lilikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, na mbele yake kadi kubwa yenye picha ya mawaridi mekundu. Hospitali ilimpa Matroni siku ya kumuaga. Tangu siku hiyo mfuko ulipanguswa vumbi kila Jumamosi na haukufunguliwa hata mara moja, maana lilikuwa blanketi la wageni. Wageni walikuja. Hakuna aliyefikia kiwango. Hata mkwe wao alipolala pale siku mbili, Matroni alimkagua kuanzia viatu kwenda juu, akaenda kuazima blanketi kwa jirani.

Fundi alifanya hesabu ya mtu mtulivu. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona hakina shahidi. Jumanne moja, Matroni alipotoka na mkoba wake kwenda kupima presha za majirani, kazi aliyojipa mwenyewe na ambayo majirani hawakuthubutu kuikataa, Fundi alipanda kiti, akateremsha mfuko, akafungua zipu.

Hakukuwa na mawaridi. Kulikuwa na blanketi la kijivu lenye mstari mmoja wa bluu pembeni, na kwenye kona muhuri wa wino mweusi: WODI 4. Chini yake, namba: 17.

Fundi akaketi kitandani, kosa kubwa kwa saa ile.

Hakuhitaji kuelezwa. Siku ya kuagwa ilipokaribia, mtu fulani ofisini aligundua kwamba zawadi haikununuliwa, au ilinunuliwa ikaenda kwa mtu mwingine. Mwenye akili ya haraka akakimbia wodini, mwenzake akatoa mfuko mzuri kutoka nyumbani kwake, na kazi ikaisha kabla soda hazijaagizwa. Fundi alikumbuka jinsi hotuba za siku ile zilivyokuwa ndefu. Sasa alielewa kwa nini.

Angeweza kulirudisha na kufunga zipu. Lakini siku moja mgeni wa kiwango angekuja, na Matroni angelifungua mbele yake. Isitoshe, Fundi alikuwa ameshikilia kiraka cha khaki mkononi, na kwa mazoea tu akakigusisha kwenye blanketi. Kikashika. Akalitikisa, kikabaki palepale. Alikuwa hajawahi kuona manyoya yenye msimamo namna hiyo. Kwa hiyo mapenzi na wizi yakapatana mara moja, jambo linalotokea ndani ya ndoa mara nyingi kuliko wahubiri wanavyopenda kukiri. Akalivuta blanketi juu ya ubao, akalikaza, akageuza kingo nyuma, akazibana kwa pini za stepla. Ile kona yenye muhuri aliibana nyuma kwa pini tisa. Mfuko akaujaza nguo kuukuu, akaweka kadi ya mawaridi mbele, akaurudisha juu ya kabati.

Matroni aliporudi, ubao ulikuwa umesimama sebuleni, umeegemea ukuta wa nyuma ya makochi.

"Hiki nini?"

"Ukuta wa kupangia viraka."

"Ukuta tulikuwa nao."

"Ule haushiki."

Matroni akasogea. Akapitisha kiganja, kisha akakirudisha nyuma kinyume cha manyoya, polepole, kama anayetafuta jipu.

"Hili ni blanketi la wodi."

Fundi akashika ukingo wa ubao. Miaka thelathini na minne ya kutandika si jambo la kudanganya kwa rangi. "Nimelipata sokoni," akasema. "Mitumbani."

"Mitumbani." Matroni akaketi. "Umeona sasa? Mimi nilikuwa nayahesabu kila Ijumaa, thelathini na mawili, naandika kwenye daftari, nasaini. Wiki yangu ya mwisho likapotea moja. Siku tatu kabla ya kuagwa nikapewa barua ya onyo. Miaka yote ile faili langu lilikuwa jeupe, likaja kuchafuliwa na blanketi. Na wewe ukaenda kulinunua kwa mwizi."

Fundi hakujua habari ya barua hiyo. Miaka minne walikula meza moja na hakuwahi kuambiwa. Alijikuta anatazama vidole vya miguu yake.

"Lilikuwa namba ngapi?" akauliza, ingawa alijua jibu lingekuwa lipi.

"Kumi na saba. Muhuri uko kona gani?"

"Uko nyuma. Nimebana pini. Ukibandua sasa siling bodi itavunjika yote."

Matroni akafikiri. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuvunja bodi ya mwenzake. "Dada anakuja tarehe ishirini na nane," akasema. "Dada ndiye mgeni. Akija, lile blanketi langu linashuka kutoka juu ya kabati, na hili la wizi unalibandua, nalifua, nalipiga pasi, nalirudisha hospitali mwenyewe. Watanisainia kwamba wamelipokea. Barua naandika leo."

Akaandika kweli, kwenye karatasi ngumu nyeupe aliyoitunza kwa ajili ya mambo mazito. Ilianza na kichwa cha habari: KUREJESHA MALI YA UMMA. Akaiweka juu ya redio, ikasimama pale ikimtazama Fundi.

Mambo yakawa hivi: tarehe ishirini na nane zipu ingefunguliwa mbele ya dada mkubwa, zingetoka suruali kuukuu, na muda huohuo pini tisa zingeng'olewa, na Matroni angejua kwamba hospitali ilimwadhibu Jumanne kwa kupoteza blanketi na Ijumaa ikamzawadia blanketi hilohilo. Njia ya kutokea ilikuwa moja. Mfarishi ushonwe kabla ya siku hiyo, uingie kwenye mfuko. Hiyo ingeokoa zipu. Kuhusu pini tisa, Fundi hakuwa na mpango. Aliamua kwamba angepata mpango akiwa anashona, kama walivyoamua watu wengi kabla yake.

Alikuwa na siku ishirini na tatu.

Alianza kupanga. Vipande vilishika vizuri, lakini mkono wake ulikuwa na mazoea. Baada ya siku mbili vyote mia mbili na arobaini vilisimama kwenye mistari, khaki na khaki, bluu na bluu, vimenyooka mabega.

Matroni alipita asubuhi, mikono nyuma, kama anavyopita mbele ya vitanda. "Hii ni foleni," akasema.

"Ni mpangilio."

"Ni foleni ya benki. Wanangoja nini?"

Fundi akabomoa. Akapanga upya. Alihitaji kutazama kwa mbali, lakini sebule ilikuwa hatua tano, halafu mlango wa jiko. Akatoka nje, akasimama bustanini, akachungulia dirishani kwa viganja viwili kuzunguka uso. Kutoka pale viraka vilikuwa vidogo na makosa yalikuwa makubwa. Ulikuwa utaratibu mzuri sana. Tatizo lilikuwa jirani, mwalimu wa udereva mstaafu, ambaye alimwona akichungulia nyumba yake mwenyewe asubuhi, mchana, na saa kumi.

"Fundi, umefungiwa nje?"

"Naangalia."

"Unamwangalia nani? Mke wako yuko kwangu ananipima presha." Akakaribia, akachungulia naye. "Mbona mlinzi amekaa juu ya meneja?"

Fundi akatazama. Ni kweli kitambaa cha bluu cha walinzi kilikuwa juu ya kile cha zambarau cha wahudumu wa benki. "Kinakaa vizuri pale," akasema.

"Kikazi haiwezekani. Lakini blanketini, sawa." Yule mwalimu akakunja jicho moja. "Na wapishi umewatupa chini kabisa."

"Ni weupe. Weupe unashikilia chini, ule wekundu wa bendi usidondoke."

"Haya. Mimi nilifundisha watu kurudi nyuma miaka ishirini, sikujua kuna mtu analipenda jambo hilo."

Matroni alikuwa na tabia ya kufungua madirisha yote saa nne, kwa ajili ya hewa safi. Siku ya tisa upepo uliingia kwa nguvu, vipande kumi na viwili vikaanguka. Alipofika Fundi, mkewe alikuwa amekwisha kuvirudisha vyote, kwa kukisia.

"Nimewarudisha vitandani mwao," akasema.

Havikuwa vitandani mwao. Fundi akatoka nje kuchungulia ili ajue ukubwa wa maafa. Akakaa pale dirishani muda mrefu. Wekundu wa bendi ulikuwa umeingia katikati ya khaki za wanafunzi, mahali ambapo mtu wa mistari asingeuweka kamwe, na ubao wote ulikuwa umeamka. Aliporudi ndani hakugusa kitu. Siku hiyohiyo akaanza kushona, Jumanne na Alhamisi wakati wa presha, na siku nyingine alishona mlango umefungwa akisema anarekebisha suruali zake. Matroni aliona ubao unapungua viraka safu kwa safu. Alidhani vinakusanywa guniani, akaridhika kwamba tarehe inaheshimiwa. Tarehe ishirini na sita Fundi akashikiza pamba nyembamba ndani na shuka zito nyuma, akamaliza pindo. Ishirini na saba, mfuko ukabadilishwa vilivyomo.

Ishirini na nane dada mkubwa akaja. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili.

"Shemeji, umekonda. Anakupa chakula au anakupa vidonge?"

"Chakula, shemeji. Vidonge ni Jumapili."

Matroni hakungoja chai. Akapanda kiti mwenyewe, akateremsha mfuko, akauweka juu ya kitanda cha wageni, na kwa mara ya kwanza akafungua ile zipu. Fundi alisimama mlangoni, akijua kwamba mtu akikimbia huonekana ana hatia.

Mfarishi ukatoka. Khaki, bluu, zambarau, weupe wa wapishi, na wekundu wa bendi palepale upepo ulipoutupa. Matroni aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa ameukagua kila asubuhi kwa siku kumi. Hakukuwa na kiraka ambacho hakukijua. Akautazama. Kisha akageuza kichwa, akatazama kupitia mlangoni, juu ya bega la mumewe, mpaka sebuleni, kwenye ubao mtupu wa kijivu wenye mstari wa bluu. Uso wake haukubadilika. Ulikuwa uso aliouzoea wakati wa kuzungumza na jamaa za wagonjwa.

"Mbona kadi ina picha ya maua?" dada akauliza.

"Maua wanaweka kwenye mifuko yote."

Dada akapapasa mishono. "Kazi ya mkono hii. Hospitali ndio wamekupa? Basi pale walikuthamini, mdogo wangu."

"Kuna mtu alikaa kitako," Matroni akasema, akaanza kukunja kona kwa mshazari.

Baada ya chakula cha mchana dada alijilaza, na mkoromo wake ulipotulia Matroni alichukua kisu cha siagi, akaenda nyuma ya ubao. Fundi akamfuata. Akang'oa pini moja moja, akiziweka kwenye kisahani, zote tisa. Akaikunjua kona.

"Kumi na saba," akasema.

"Ndiyo."

"Ndilo lilikuwa kwenye mfuko."

"Ndiyo."

"Ulisema mitumbani."

"Nilisema."

"Ungeniambia."

"Ungelirudisha."

Ni kweli Matroni angelirudisha. Akapitisha kidole pembeni mwa muhuri, penye alama ndogo ya kuungua. "Hapa alilichoma kwa pasi mwanafunzi mmoja wa mafunzo. Nikamfokea mpaka akalia." Akaketi juu ya mkono wa kochi. "Niliwashukuru dakika ishirini, Fundi. Nilisimama mbele ya watu nikasema sistahili."

Halafu akatoa sauti puani. Fundi alidhani analia, akaanza kutafuta leso. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka kwa kujibana, mabega yanaruka, asimwamshe dada yake, na hakuacha mpaka machozi yakamtoka.

Alipomaliza akainuka, akachukua ile barua juu ya redio, akaisoma yote kana kwamba ameandikiwa yeye. Akampa mumewe.

"Unapokata viraka huwa unatafuta karatasi ngumu ya kipimo."

"Natafuta, ndiyo."

"Hiyo ni ngumu. Na hii kona usiibane tena nyuma. Ilete mbele, ikae juu, wima."

Fundi akaileta mbele. Akapima kwanza, akabana, muhuri ukasimama kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye kochi.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha, Matroni akawaita majirani waje wapimiwe kwake. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu wa udereva. Alikunja mkono wa shati, akaketi, akajikuta anatazamana na muhuri, na pembeni yake viraka sita vipya vya mwanzo.

"Matroni, hilo si blanketi la hospitali?"

"Ndilo. Zawadi yangu ya kuagwa."

"Walikupa hivyohivyo? Na muhuri wake?"

"Na muhuri wake. Na barua pia walinipa."

"Barua ya pongezi?"

Matroni akaanza kupampu. Akaubana mkono wa mwalimu kwa mkanda wa kupimia presha, akabana zaidi, mpaka maswali yakaisha, kisha akasoma namba kwa sauti, akamwambia apunguze chumvi.